Sanamu yangu ya mnadani imefika imevunjika: nimdai nani?

"Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Jinja. Mama yangu alifanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya Kihindi hapa mjini, na walipofukuzwa mwaka 1972 mama mwenye nyumba alimwachia sanamu ndogo ya kauri ya Kiingereza. Ndiyo iliyoniambukiza ugonjwa huu wa kukusanya. Mwezi wa pili nilishinda mnada wa mtandaoni nikampata yule bibi kizee muuza maputo wa kiwanda cha Kiingereza cha Royal Doulton kwa pauni 42. Muuzaji aliandika 'hali nzuri sana kwa umri wake'. Kifurushi kilikwenda kwanza kwenye ghala la wasafirishaji London, kikaunganishwa na mizigo mingine, kikaja Entebbe. Nikakichukua Kampala, nikasaini, nikapanda nacho takisi hadi nyumbani. Nilipokifungua ilikuwa wiki ya saba tangu nilipe. Maputo mawili yamekatika. Moja lina kitu cha manjano kama gundi pale lilipokatikia, jingine ni jeupe tu. Boksi la nje halina hata mkunjo, na lilibandikwa vibandiko vinne vya kuonya kwamba ndani kuna kitu cha kuvunjika. Muuzaji anasema sanamu iliondoka kwake nzima, wasafirishaji wanasema kazi yao ni kubeba tu, na mnada umefunga malalamiko yangu. Nani anilipe? Nigundishe kwa supaglu ambayo mpwa wangu ameshaninunulia? Au niache kabisa kununua huko?"

Mwalimu, shikamoo, na pole kwa maputo. Kabla ya yote, mwambie mpwa wako aifiche hiyo supaglu. Sababu nitaieleza huko mbele.

Umeuliza nani akulipe kana kwamba ni kesi moja. Ninavyosoma maelezo yako, ndani ya boksi lako mna kesi mbili. Puto lenye manjano na puto jeupe hayakuvunjika siku moja, na pengine hata mwaka mmoja.

Yachukue yote mawili ukae nayo dirishani asubuhi, jua likiwa upande. Kauri ya sanamu hizi Waingereza huichanganya na majivu ya mifupa, na ikivunjika leo, pale ilipokatikia huwa peupe, pakavu, pa chembe laini, kama chaki unapoivunja vipande viwili. Chaki unaijua kuliko mimi. Palipovunjika zamani pakagundishwa pana ngozi juu yake: gundi imezeeka ikawa ya manjano, inang'aa kidogo, na ukiichoma kwa ncha ya sindano inaingia badala ya kugonga. Ukingoni utaona mstari mwembamba wa uchafu. Mara nyingi utaona pia rangi iliyopakwa kuficha kiungo, ikavuka mpaka na kufunika sehemu ya jirani isiyovunjika. Rangi hiyo ukiipitishia kidole ni ya uvuguvugu, kama plastiki. Glezi ya kiwandani, yaani ule utando wa kioo unaofunika kauri, ni baridi kama kikombe.

Kama bado una shaka, azima ile taa ya mwanga wa zambarau ambayo maduka ya kubadilisha fedha hukagulia dola bandia. Ingia nayo chumba chenye giza. Glezi ya asili hurudisha mwanga wa namna moja mwili mzima, na palipopakwa rangi ya marekebisho panajitenga: panawaka tofauti, au panakuwa doa. Taa hiyo haikamati kila kitu, maana wapo mafundi wenye vifaa vya kuidanganya, lakini ukarabati wa mezani kwa mtu, wa gundi ya dukani na brashi, huukamata vizuri sana.

Taa ikikubaliana na macho yako, basi puto la manjano lilikatika, likagundishwa na kupakwa rangi kabla muuzaji hajapiga picha ya kwanza. Hilo ni lake, hata kama hakujua. Nasema hivyo kwa sababu wengi wa wauzaji hawa si matapeli. Hununua kwa mkupuo vitu vya nyumba ya marehemu, wanavifuta vumbi na kuviandikia maneno mazuri. Na hayo maneno "kwa umri wake" ni mlango wa nyuma: kila utakacholalamikia atakwambia ndio umri wenyewe.

Puto jeupe ndilo lililovunjika safarini. Nadhani hata naona ilivyokwenda: gundi ya zamani ililegea njiani, puto la manjano likabaki linacheza ndani ya boksi, likamgonga mwenzake. Siwezi kuapa. Ila nimeshafungua maboksi mengi ambamo kipande kimoja kilicholegea ndicho kilichofanya kazi ya nyundo.

Hapo ndipo nikupe habari mbaya kuhusu boksi lako lisilo na mkunjo. Watu wengi huamini boksi zima maana yake safari ilikuwa salama. Sanamu haivunjwi na boksi kubonyea, inavunjwa na kusimama ghafla. Tuseme boksi limeanguka kutoka juu ya meza, sentimita 75. Kama sanamu imegusana na ukuta wa boksi na ikasimama ndani ya milimita moja, kila kiungo chake kinavutwa kwa nguvu kama mara 750 ya uzito wake. Kama ina mto wa kuipa sentimita 3 za kusimamia, nguvu ile inashuka hadi kama mara 25. Anguko ni lile lile, boksi ni lile lile. Kwenye hesabu ya kwanza kitako kizito kinasimama, maputo yanataka kuendelea na safari, na shingo nyembamba iliyoyashika ndiyo inayolipa. Inaweza kukatika bila kuguswa na chochote.

Kumbuka pia sanamu kama hii haikutoka kwenye kalibu moja. Udongo wa majimaji humiminwa kwenye kalibu za plasta kadhaa, kichwa peke yake, mkono peke yake, kisha vipande vinaunganishwa kwa uji wa udongo ule ule kabla ya kuchomwa. Kwenye viwanda vya kauri vya Staffordshire, huko Uingereza, huyo aliyeunganisha aliitwa kwa jina lenye maana ya "mkarabati", ingawa hakukarabati kitu, na hadi leo wasomaji wa lebo za zamani wanachanganyikiwa. Kila kiungo kinachochomoza ni mahali pa kutilia shaka, na huyu bibi wa maputo anachomoza kila upande.

Vibandiko, basi? Mashine za kupanga vifurushi hazisomi, na mpakiaji wa saa tisa usiku anasoma lakini ana vifurushi vingine elfu. Ukitaka kuona ufungaji unaofanya kazi, tazama boda boda inayotoka Mukono na trei za mayai zimepanda juu ya kichwa cha dereva. Hakuna kibandiko. Kila yai limeshikwa peke yake, haligusi jirani na halina nafasi ya kutikisika. Sanamu inataka hivyo hivyo: karatasi laini ijazwe kwanza kwenye mianya, kati ya puto na puto, chini ya kwapa, halafu plastiki ya viputo bila kukazwa, maana kuikaza ndiko kunakovunja vidole, halafu boksi dogo gumu, halafu boksi kubwa lenye angalau sentimita 5 za kujaza pande zote sita. Ukilitikisa, kimya. Utepe wa gundi, yaani selotepu, usiguse rangi wala dhahabu, utang'oka nayo.

Sasa fedha. Kinga ya mnunuzi kwenye minada mikubwa ni nzuri, lakini imetengenezwa kwa mtu aliyeko kule kule. eBay, kwa mfano, inakupa siku 30 tangu kifurushi kifike kuripoti kwamba ulicholetewa sicho kilichoelezwa. Kifurushi "kilifika" siku kilipopokelewa ghalani London, na wewe ulikuwa hujakiona hata kwa picha. Zaidi ya hapo, kinga yao haifuati mzigo uliotumwa tena kwenye anwani nyingine baada ya kufikishwa. Wewe hukutaja mnada wako na sitaki kuukisia, ila minada mingi ina sharti la namna hiyo, na nadhani ndiyo maana malalamiko yako yalifungwa haraka. Hawakukuonea. Uliingia kwa mlango ambao kinga yao haiufikii.

Kwa wasafirishaji sikuoni ukishinda. Ulisaini bila kufungua, boksi la nje ni zima, na kampuni nyingi za vifurushi huko Uingereza huiondoa kauri na kioo kwenye fidia hata ukilipia bima. Soma masharti ya wako, lakini usipoteze wiki.

Palipobaki na uhai ni pawili. Kwanza ni muuzaji. Mwandikie tena, safari hii usitaje safari wala boksi. Mtumie picha tatu za puto la manjano tu: gundi kwa karibu, rangi iliyovuka mpaka, na picha ya gizani chini ya taa. Mwambie kwa upole kwamba palikuwa pamekarabatiwa kabla hajaiuza na kwamba maelezo yake hayakusema, umwombe sehemu ya fedha. Ukiomba nusu unaweza kujibiwa. Ukidai zote pamoja na nauli ya Entebbe, atanyamaza. Pili ni benki yako, kama ulilipa kwa kadi. Kadi za Visa zina utaratibu wa kupinga malipo ya bidhaa isiyolingana na maelezo, na kwa kawaida dirisha lake ni siku 120. Kwa hesabu yako bado umo ndani. Usipige simu. Nenda tawini na picha, maelezo ya mnada uliyoyachapisha na barua za muuzaji, umwombe afisa wa kadi akufungulie shauri. Sikuahidi ushindi. Nasema tu kwamba kati ya milango yote, huo haujafungwa.

Kuhusu puto jeupe, samehe. Hilo ni ada ya shule, na mimi nimeilipa zaidi yako. Miaka kadhaa nyuma nilipigania jozi ya mbwa wa kauri wa Staffordshire, wale weupe wanaokaa juu ya meko wakitazamana. Mnada ulikuwa ukiishia saa tatu usiku kwa saa za London, Jumapili, wakati wao wa kukaa sebuleni. Kwangu ilikuwa saa sita, nina usingizi, na mtu mwingine alikuwa akipandisha dau juu ya langu kila nikigusa. Nikashinda kwa bei ambayo sikumwambia mke wangu. Muuzaji alikuwa amewafunga mbwa wote wawili ndani ya gazeti moja, uso kwa uso, ndani ya boksi la viatu. Walivuka bahari wakibusiana. Mmoja alifika Entebbe bila pua. Wa pili alikuwa mzima hadi Wandegeya, nilipombeba kwenye boda magotini mwangu mwenyewe, tukaingia shimo. Kwa hiyo sina jiwe la kumrushia mtu.

Usiku ule nilisahau jambo la kawaida kabisa. Mfumo wa minada hii unakuruhusu kuandika dau lako la juu kabisa mara moja, ukalale. Wenyewe utakupandishia hatua kwa hatua, na utalipa kidogo tu juu ya mshindani wa mwisho. Anayekaa macho akibonyeza hanunui tena sanamu, ananunua ushindi. Na huyu bibi wako wa maputo, namba HN1315 kwenye orodha ya Doulton, aliingia sokoni 1929 na akaendelea kutengenezwa kwa karibu miaka 70. Wapo wengi mno duniani. Ukimkosa wiki hii, wiki ijayo yuko mwingine. Bei za sanamu hizi zimeshuka sana tangu enzi za vizazi vilivyozipanga kabatini, kwa hiyo yeyote anayekwambia ni akiba ya uzeeni, mnyweshe chai aende zake. Ukiiandika hesabu yako kabla ya dau, anza mwisho urudi mwanzo: weka nauli ya kule, ada ya ghala, ndege, ushuru wa forodha wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, na VAT yake ya asilimia 18, kisha uone kilichobaki kwa ajili ya sanamu. Pauni 42 zako sidhani zilifika Jinja zikiwa 42.

Tena usikubali muuzaji akuandikie thamani ya uongo au "zawadi" ili kukwepa kodi. Ni kosa, na siku mzigo ukipotea utalipwa ile thamani ya uongo.

Je, uache? Mimi nisingeacha, ningebadilisha njia. Iliyo bora kabisa ni mtu wako. Kama una jamaa Leicester au London anayekuja Krismasi, kifurushi kifike kwake, akifungue siku hiyo hiyo, apige picha, na kama kina kasoro alalamike yeye akiwa ndani ya siku zake 30. Kikiwa salama kinakaa kabatini kwake hadi safari, kisha kinapanda ndege kwenye mkoba wa mkononi. Ni njia ya polepole, na kwa sanamu polepole ni sifa. Kama huna mtu, tafuta wasafirishaji ambao ghala lao linakubali kufungua na kupiga picha kabla ya kuunganisha mizigo. Wapo wanaotoza kidogo kwa huduma hiyo. Hilo lingekuokoa, kwa sababu puto la manjano lingeonekana wakati bado una haki ya kurudisha. Njia ya tatu, muuzaji akutumie moja kwa moja kwa posta hadi sanduku lako la barua, ni ghali zaidi, ila kinga ya mnada inabaki na wewe hadi mwisho. Forodha wanaweza kulifungua boksi, kwa hiyo mwombe muuzaji aweke juu kabisa, ndani, picha ya jinsi alivyofunga. Anayefunga tena bila kuona alivyokuta ndiye anayeua sanamu nyingi, na hafanyi kwa ubaya.

Kabla ya dau lolote muulize muuzaji kwa maneno yasiyo na kona: imewahi kuvunjika au kukarabatiwa? Nipigie picha ya kitako, ya vidole, ya shingo, na ya kila kinachochomoza. Asiyejibu umeshamjua. Kwenye kitako tazama kama kuna mkwaruzo uliopita juu ya nembo: Doulton walikwaruza hivyo bidhaa za daraja la pili. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui ni jambo jingine, hizo hutokea pale glezi na udongo vinapotanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na kwa kitu cha kukaa kabatini hazinisumbui.

Supaglu, sasa. Inashika kwa sekunde, na puto linataka dakika za kulisogeza hadi likae sawasawa. Ukikosea kwa upana wa unywele, kipande cha pili hakitaingia. Huacha ukungu mweupe kwenye glezi. Ikizeeka inakuwa kavu na kukatika, nawe utakuwa umerudi hapa na kingo zilizochakaa. Watu wa makumbusho hutumia gundi za resini kama Paraloid B-72 ambazo zinayeyuka tena kwa asetoni, ili atakayekuja baadaye aweze kusahihisha. Gundi ya manjano iliyopo lazima itoke kwanza, na hapo nakuomba usijaribu kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha: ina mafuta na rangi zake, na inaweza kula rangi ya maputo ya jirani iliyopakwa na huyo fundi wa kwanza.

Kwa sasa kila puto lifunge peke yake kwenye karatasi laini, pamoja na vumbi na vibanzi vyote ulivyovikuta ndani ya boksi, na usijaribu kuyaunganisha hata "kuona tu kama yanaingia", maana kila jaribio linasaga kingo. Kazi ya puto jeupe mtu makini anaweza kuifanya nyumbani akiwa na gundi sahihi. Ya puto la manjano, na hasa kama utagundua chini ya taa kwamba hata shingo ya fungu zima la maputo ilishagundishwa, impeleke kwa mtu aione kwa macho. Ukiwa Kampala anza kuuliza Makumbusho ya Uganda pale Kitante, au kitengo cha kauri kwenye shule ya sanaa ya Makerere, ile aliyoianzisha Margaret Trowell mwaka 1937. Uliza bei mapema. Inawezekana kabisa ikazidi pauni 42, na hapo uamuzi ni wako, kwa sababu sanamu iliyokarabatiwa vizuri inarudi kuwa nzuri kutazama bila kurudi kuwa na bei.

Halafu kuna ile ya mama yako, ambayo hukuniuliza. Kama nayo ni Doulton, igeuze taratibu juu ya taulo, utafute nembo ya simba na taji, uone kama pembeni kuna tarakimu ndogo. Kuanzia 1928 kwa miaka mingi waliandika hapo namba ambayo ukiijumlisha na 1927 unapata mwaka wa kutengenezwa. 12, kwa mfano, ni 1939. Ukiipata, niandikie.